Umelibadili Gari, Umemwambia Nani?

Mwezi huu naomba tuyaweke pembeni mambo ya wakwe na simu za usiku wa manane, tuongelee gari. Na wewe dada unayetaka kufunua ukurasa wa mbele kwa sababu gari ni mambo ya wanaume, hebu subiri kidogo. Mada hii ni yenu wawili. Tena pengine ni yako zaidi, maana siku hizi mikopo mingi ya gari la familia inakatwa kwenye mshahara wa mama.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu kabisa, na wahusika wamenipa ruhusa.

Mdogo wangu ameolewa Endasak, wilaya ya Hanang, pale kwenye barabara ya Babati kwenda Singida. Kama hujawahi kufika, ni mahali ambapo mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, unakutazama wakati unakunywa chai ya asubuhi, na baridi yake si ya kuuliza. Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari. Shemeji ananunua mahindi, maharage na mbaazi vijijini, anauza Babati na wakati mwingine Arusha. Kwa miaka mingi alikuwa anakodi magari ya watu, na faida yote inaishia kwa mwenye gari. Basi wakakaa chini, wakaamua kununua pikapu yao.

Hapo ndipo walipobishana kwa mara ya kwanza. Shemeji alitaka pikapu ya mtumba kutoka Japani, bei nafuu, spea zipo kila kona. Mdogo wangu akasema hapana, tununue mpya kabisa, ziro kilomita. Kwa nini? Kwa sababu ya waranti. "Tulipe zaidi, lakini tulale usingizi. Likiharibika ndani ya miaka 3 ni juu yao, si juu yetu." Shemeji akakubali. Mkopo ukachukuliwa benki kwa jina la mdogo wangu, akiba ya mazao ikaongezwa juu, pikapu ikafika Endasak ikiwa bado ina nailoni kwenye viti. Majirani walikuja kuiona kama wanavyokuja kuona mtoto mchanga.

Shika hilo, msomaji wangu, kwamba hawa watu walilipa pesa nyingi zaidi kwa ajili ya waranti. Waranti haikuwa nyongeza juu ya gari. Ilikuwa sehemu ya kile walichokinunua.

Mwezi wa nne shemeji akaanza kuona pikapu inalala nyuma akipakia. Si unajua biashara ya mazao tena. Gari limetengenezwa kubeba kama tani 1, yaani magunia 10 ya kilo 100. Lakini huko vijijini mzigo unafungwa lumbesa, gunia linavimba juu kama limefunga kilemba, na moja linaweza kupita hizo kilo 100 kwa mbali. Wakala wa Vipimo wanaikataza lumbesa kila mwaka, na kila mwaka inarudi. Shemeji alikuwa anapanda kijijini na kushuka na magunia 14, wakati mwingine 15. Rafiki zake wakamwambia dawa ni moja: ongeza pleti kwenye springi.

Akaenda kwa fundi. Pleti 2 kila upande. Na kwa kuwa fundi alikuwa yupo na waya alikuwa nazo, akamfungia spotilaiti 2 mbele za kutembelea usiku, na redio yenye spika za maana nyuma ya kiti. Jioni mdogo wangu akamuuliza mbona amechelewa. Akajibu, "Nilikuwa sevisi."

Kitabu cha gari kilikuwa kabatini. Hakuna aliyekifungua.

Mwezi wa tisa pampu ya maji ikaanza kuvuja. Kidogo kidogo, shemeji akawa anaongeza maji na kuendelea na safari. Wiki 2 baadaye, akishuka na mzigo, akasikia mlio nyuma, kama mtu anasaga mahindi na mawe ndani yake. Difu ikaunguruma, ikakwama, na beringi ya upande mmoja ikawa imekwisha. Gari lilivutwa hadi Arusha kwa wakala, kilomita 200 na kitu, na gharama ya kuvuta peke yake ilitosha kununua ng'ombe. Lakini mdogo wangu alikuwa ametulia. Aliomba ruhusa shuleni, akapanda basi na mumewe, akiwa na kitabu cha waranti kwenye mkoba. Moyoni anasema, si ndiyo maana tulinunua mpya?

Fundi wa wakala akaingia chini ya gari na tochi. Akatoka. Akamwambia mdogo wangu, kwa upole tu, "Mama, hii waranti imeshakufa. Mmeongeza pleti."

Mdogo wangu akamgeukia mumewe. "Pleti gani?"

WARANTI NI NINI HASA?

Tuwaache hapo kaunta kwanza, tuelezane jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia juu juu.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, kupitia kwa muuzaji wake, kwamba kifaa kikiharibika kwa kosa la kiwandani, iwe ni chuma kibovu au ufungaji mbaya, watatengeneza au watabadilisha bure. Ahadi hii ina mipaka miwili, muda na kilomita. Kwa magari mapya utakuta mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Ukikimbiza gari la biashara, kilomita zinaweza kuisha kabla ya miaka.

Ahadi hiyo haigusi vitu vinavyoisha kwa kutumika, kama pedi za breki, matairi, klachi na wipa. Haigusi mafuta machafu, ajali, kuzidisha mzigo, wala sevisi uliyoiruka. Na haigusi hitilafu iliyosababishwa na mabadiliko uliyoyafanya mwenyewe baada ya kununua.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Hitilafu iliyosababishwa na mabadiliko. Neno "iliyosababishwa" ndilo linalobeba kesi nzima. Kuna watu wanaamini ukigusa chochote waranti yote inakufa siku hiyo hiyo. Kuna wengine wanaamini waranti ni waranti, fanya utakavyo. Wote wawili wanakosea. Kwa kawaida, ukibadili kitu, unachokipoteza ni ulinzi wa kile kilichoharibiwa na badiliko lako. Sehemu nyingine za gari zinabaki na ahadi yake, isipokuwa kama mkataba wako umeandikwa vingine. Ndiyo maana mkataba unasomwa.

Wenzetu Marekani wana sheria ya mwaka 1975, inaitwa Magnuson-Moss. Chini ya sheria hiyo, mtengenezaji haruhusiwi kukunyima waranti eti kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Anatakiwa aonyeshe kuwa kifaa hicho ndicho kilicholeta ubovu. Sheria hiyo ni yao, haitufungi sisi. Lakini swali lake ni la haki popote ulipo: ubovu huu umeletwaje na badiliko hili?

Hapa kwetu tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayodai kuwa bidhaa unayouziwa na mfanyabiashara iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Tuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC. Watu wengi wanaijua FCC kwa kukamata bidhaa feki tu, lakini sheria ile inamgusa hata muuzaji anayempotosha mteja kuhusu haki zake. Kwa hiyo wewe mwenye kitabu cha waranti si mtu wa kuomba huruma kaunta. Wewe ni mtu wa kuuliza maswali.

MABADILIKO TUNAYOYAPENDA, NA BEI YAKE

Sasa tupite moja moja, maana najua unajiuliza kuhusu gari lako.

Pleti za springi. Hili ndilo la shemeji. Ukiongeza pleti, umeongeza uwezo wa springi kubeba. Hujaongeza uwezo wa ekseli, beringi, difu, breki wala chesisi. Ni kama kumfunga mbeba mizigo mkanda mpana kiunoni: mgongo utasimama, lakini magoti ni yale yale. Gari halilali nyuma tena, kwa hiyo unadhani liko sawa, unapakia zaidi, na wanaoumia ni wale usiowaona.

Kuinua gari kwa spesa na kuvalisha matairi makubwa. Vijana wengi wanafanya hivi kwenye gari ndogo ili zipite barabara za vijijini, na siwalaumu, barabara zetu tunazijua. Lakini ukibadili urefu, umebadili pembe za shafti, na buti za mpira zinachanika mapema. Ukivaa tairi kubwa kuliko la kiwandani, spidi mita inasoma chini ya mwendo halisi, klachi na giaboksi vinafanya kazi ngumu zaidi, na hata kilomita zinazohesabika si zile ulizotembea.

Umeme. Alamu, spotilaiti, redio, kamera, king'ora cha kuzuia wezi. Tatizo kubwa liko kwenye namna ya kukifunga kifaa, kuliko kifaa chenyewe. Fundi anachuna waya wa gari katikati, anasokota wake, anafunga na utepe mweusi. Mvua ikinyesha, au mzigo wa umeme ukizidi, fyuzi inaungua, betri inalala, na siku nyingine waya unaungua kabisa. Magari ya kisasa yana kompyuta inayotegemea umeme ulio sawa. Ukidai waranti ya kitu chochote cha umeme na waya zako zina viraka, utakuwa na kazi kubwa ya kujitetea.

Kutoa themostati. Hili nalisema kwa uchungu, maana mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa, wanakwambia nchi yetu ina joto, haina kazi. Kazi inayo. Inasaidia injini ifike joto lake la kazi haraka na kubaki hapo. Bila themostati injini inabaki ya baridi muda mrefu, inakula mafuta zaidi na inachakaa mapema. Na kwa mtu wa Endasak, Katesh au Mbulu, ambako asubuhi unavaa koti, hiyo hadithi ya nchi ya joto inatoka wapi?

Kutoa masega kwenye bomba la moshi. Kuna watu wanapita mitaani wanayanunua, wanakupa hela nzuri na kuziba nafasi kwa bomba tupu. Masega yale yana madini ya thamani, ndiyo maana wanayataka. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, moshi utachafuka, na waranti ya mfumo mzima wa moshi umeiuza pamoja nayo.

Ngao ya mbele. Inapendeza, inatisha wenye bodaboda. Lakini kama gari lako lina mifuko ya hewa ya kuokoa maisha, vihisi vyake vimepimwa kwa umbo la mbele la gari lilivyotoka kiwandani. Chuma kizito kisichotengenezwa kwa gari hilo kinaweza kuvuruga jinsi vinavyopokea kishindo. Hapo suala linazidi waranti, ni roho za watu.

Mfumo wa gesi. Dar es Salaam watu wengi wamebadili magari yao yatumie gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ni mojawapo ya sehemu zinazofanya kazi hiyo. Ni badiliko lenye faida ya kweli kwa anayetembea sana na mwenye kituo cha gesi karibu. Lakini kama gari ni jipya, linagusa mafuta, umeme na injini kwa mpigo mmoja, kwa hiyo pata jibu la wakala kwa maandishi kwanza. Na usifuate upepo. Kinachomfaa dereva wa Ubungo si lazima kikufae wewe wa Hanang.

Vitu kama zulia, mikeka ya chini na vitambaa vya viti havina neno. Tahadhari moja tu: viti vyenye mifuko ya hewa ubavuni visifunikwe na kitambaa kinachoziba mahali unapotokea mfuko.

TURUDI KAUNTA

Tulimwacha mdogo wangu anauliza pleti gani. Shemeji hakujibu, alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu wa kaunta naye kwa aibu akajifanya anatafuta karatasi.

Namjua mdogo wangu. Nyumbani angelipuka. Lakini pale alikaa kwenye benchi, akatoa kitabu cha waranti, akakisoma kama anavyosahihisha mitihani, kalamu mkononi. Nusu saa nzima. Akainuka, akamwomba yule bwana amwandikie kwenye karatasi ni vitu vipi vimekataliwa, na kila kimoja kwa sababu gani.

"Hapa imeandikwa hitilafu iliyosababishwa na mabadiliko," akamwambia. "Difu na beringi nimekuelewa, tumezidisha mzigo, na pleti zinaonekana. Pampu ya maji imevujishwaje na springi?"

Yule bwana akaingia ndani kwa mkubwa wake. Akakaa huko muda. Akarudi akasema pampu ya maji watabadilisha bure. Fyuzi kubwa iliyoungua kwenye njia ya spotilaiti, hapana. Difu na beringi, hapana. Na aliwaambia kitu kingine cha maana, kwamba kama wangekuja kuuliza kabla, wangepewa ushauri wa uzito, na taa za kufungiwa hapo hapo kwa waya zake, zikaingia kwenye waranti.

Bili ilikuwa milioni 3 na laki 4. Ilikuwa pesa ya ada ya mtoto na mbegu za msimu. Gari likabaki gereji, wao wakapanda basi kurudi.

Mdogo wangu ananiambia hawakuongea tangu Arusha mpaka Minjingu. Pale Minjingu basi liliposimama, shemeji akanunua maji chupa 2, akampa moja, akasema, "Nilijua utakataa. Ndiyo maana sikukwambia."

Naye akamjibu, "Ungeniambia, tungekataa pamoja au tungekubali pamoja. Hasara ningeibeba. Lakini nimeyajua mbele ya mtu wa kaunta."

Msomaji wangu, mimi nimeandika safu hii miaka kadhaa sasa, na barua nyingi ninazopata zinafanana na maneno hayo. Kinachouma zaidi ya pesa ni kuwa wa mwisho kujua.

Na nimtetee shemeji kidogo. Hakuongeza pleti kwa ajili ya kuringa. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anaona mkopo unakatwa kwenye mshahara wa mkewe, na kila gunia la ziada alilihesabu kama njia ya kumpunguzia mzigo. Alitaka kumsaidia bila kumsumbua. Nia ilikuwa njema, ila njia ilikuwa ya siri.

NA SISI WA MITUMBA JE?

Najua wengi wenu mnasema, mhariri, mimi gari langu ni la mwaka 2008, limetoka Japani likiwa limeshazeeka, waranti ya nini? Ni kweli, waranti ya kiwanda kwa magari hayo imeshapita. Lakini bado unazungukwa na waranti ndogo ndogo usizozijali. Betri mpya inakuja na kadi yake. Matairi mapya pia. Injini au giaboksi ya kubadilisha, muuzaji anakupa siku zake za kujaribu. Redio na alamu zina dhamana ya muuzaji. Karatasi hizo tunazitupa pamoja na boksi, halafu betri ikifa mwezi wa tano tunaanza kulaumu Wachina.

Sheria ni ile ile. Ukifunga betri ya gari dogo kisha ukaitwisha spika kama za ukumbi wa harusi, muuzaji atakuuliza, na ana haki. Dai risiti ya mashine kila unaponunua, andika tarehe na kilomita, weka pamoja. Na fundi akikwambia "nakupa garantii ya miezi 6, usijali," mwambie aiandike. Fundi mzuri hatakasirika.

USISAHAU BIMA

Kuna mkataba mwingine unaoguswa na mabadiliko, nao ni bima. Bima inasimama juu ya ukweli: unaiambia kampuni gari lako ni la aina gani na linafanya kazi gani, nao wanapanga malipo kwa hayo. Ukisema ni gari la familia kumbe linabeba lumbesa, au ukaongeza vitu vinavyobadili hatari ya gari bila kuwaambia, siku ya ajali utajikuta kwenye mabishano. Mwenye bima kubwa apige simu kabla ya kubadilisha kitu chochote kikubwa. Mkishindwana na kampuni baadaye, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, tena si lazima uanze na wakili.

Na ukibadili injini au rangi ya gari, kumbuka kadi yako ya usajili ina namba ya injini na rangi iliyoandikwa. Nenda TRA ukairekebishe. Usisubiri trafiki akukumbushe, au siku ya kuuza mnunuzi akimbie.

KABLA HUJAMWITA FUNDI

Kwanza, someni kitabu cha waranti wote wawili, hasa ukurasa wa vitu visivyolipwa. Ni kurasa chache. Kama lugha ni ngumu, mwombeni wakala awaeleze.

Pili, muulize wakala kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha: nataka kufunga kitu hiki, je kitaathiri nini? Jibu lihifadhi. Maneno ya mdomo hayasimami.

Tatu, uliza kama wakala ana kifaa hicho hicho chake mwenyewe. Keria, ngao, taa, ndoano ya kuvutia. Bei inaweza kuwa juu, lakini mara nyingi kinafungwa na waranti yake.

Nne, ukiamua kufunga nje, chagua fundi anayetoa risiti na anayetumia soketi na fyuzi badala ya kuchuna waya. Tunza vifaa vya awali ulivyovitoa, usimwachie fundi kama zawadi.

Tano, ukikataliwa waranti, usipige kelele na usikubali haraka. Omba sababu kwa maandishi, kifaa kwa kifaa. Uliza ubovu umeletwaje na badiliko. Kile kilicho chako kikubali, kisicho chako kidai. Ikishindikana, panda ngazi hadi kwa meneja, na baada ya hapo FCC wapo.

Sita, na hii ndiyo ya ukurasa wetu: mwambie mwenzako kabla. Si baada. Gari mlilonunua pamoja hamkununua chuma tu, mlinunua na ahadi. Ukilibadili gari peke yako, umeibadili na ahadi hiyo peke yako.

Mtauliza waliishiaje. Pikapu ilirudi Endasak, pleti za ziada zikatolewa. Spotilaiti zimefungwa upya kwa fyuzi yake. Shemeji sasa anapakia magunia 10 ya kilo 100, lumbesa anaifungua na kuipima upya palepale kijijini, watu wanamnung'unikia. Anafanya safari 2 pale alipokuwa anafanya moja. Faida imepungua kidogo na deni la ile milioni 3 na laki 4 bado wanalilipa. Mdogo wangu hajasahau, na hasemi kuwa amesahau. Lakini juzi nilipokwenda nikamkuta shemeji amekaa barazani na kitabu cha waranti, anamwita mkewe jikoni: "Mama watoto, njoo kwanza. Nataka kuweka keria. Wanasemaje hapa?"

Akaja akifuta mikono, wakainama wote wawili juu ya ukurasa. Mimi nikajiendea zangu kuangalia mlima.

Ni hayo tu kwa mwezi huu. Usiku wa leo fungua kabati, kitafute kitabu cha gari lenu, na kama kuna pleti ambazo mwenzako hazijui, mwambie kabla hazijasemwa na mtu wa kaunta. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.